Mpira wa Jimu Unamlinda Nani, Mtu au Sakafu?

 

Leo sileti siasa. Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukitazama: sakafu. Na si sakafu yoyote, ni ile ya chumba cha mazoezi, au jimu kama tulivyozoea kuita. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka huko, anasema huyu mwandishi ameishiwa habari. Nivumilie kidogo.

Wiki chache zilizopita nilikuwa Makambako, nimeshuka kwenye basi nikisubiri gari la kwenda Njombe, kama kilomita 60 hivi. Karibu na stendi kuna kijana amefungua jimu kwenye fremu mbili alizozivunja ukuta wa katikati. Nilimfahamu zamani, tuliwahi kukaa mtaa mmoja, basi nikaingia kumsalimia. Vyuma vipya, kioo ukuta mzima, muziki unapiga. Na chini? Marumaru nyeupe zinang'aa kama za hoteli. Kwenye kona ya vyuma vizito ametandika vipande vinne vya mpira mweusi.

"Hivi vipande vya nini, mdogo wangu?" nikamuuliza.

"Kaka, ni vya kulinda marumaru. Mwenye nyumba alisema ikipasuka hata moja nalipa."

Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Kwa sababu nina rafiki yangu, sitamtaja jina wala jimu aliyokuwa anafanyia tizi, ambaye aliteleza kwenye marumaru za namna hiyo. Hakuwa amebeba hata kilo moja. Alikuwa anakwenda kuchukua taulo. Jasho la mtu mwingine lilikuwa chini, mguu ukaenda mbele, kisogo kikatangulia. Alishonwa, akapona, watu wakasema ashukuru Mungu. Baada ya wiki mbili akagundua hasikii harufu. Madaktari wanalijua jambo hili: mtu akiangukia kisogo, ubongo unatikisika na vile vineva vidogo vya harufu vilivyo juu ya pua vinaweza kukatika. Rafiki yangu ni mpishi. Mpaka leo anamwita mkewe aje anuse kama vitunguu vimeanza kuungua.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye gari la Njombe nilianza kujiuliza: hivi hii habari ya kutandika kitu chini ya mtu anayefanya mazoezi ilianza wapi? Na ilikuwaje sisi tukafika mahali pa kutandika mpira ili tulinde marumaru?

Tuanze nyumbani. Sisi Waswahili kwa maneno ya kutandika hatujambo. Kuna mkeka, jamvi, busati, msala, zulia, kirago. Kila kimoja na kazi yake, wa kusalia si wa kulalia, na jamvi la msibani si zulia la sebuleni. Huku kwetu nyanda za juu kina mama wanajua milulu, majani yanayoota penye maji, ambayo kwayo husuka vile vikapu vinavyouzwa mpaka Ulaya kwa jina la vikapu vya Iringa. Lakini katika maneno yote hayo sijui hata moja la kitu cha kuangukia. Sababu ni rahisi. Mieleka ilipigwa kwenye mchanga au kwenye majani. Ngoma ilichezwa kwenye udongo. Shuleni tulipiga mchakamchaka kwenye vumbi, na mchezo wa kuruka juu uliishia kwenye shimo la mchanga ambalo asubuhi ilibidi kwanza tulilime kwa jembe, maana usiku paka wamepita. Ardhi yenyewe ndiyo ilikuwa mkeka.

Wazungu nao walianza hivyohivyo. Friedrich Ludwig Jahn, Mjerumani anayeitwa baba wa mazoezi ya viungo, alipofungua kiwanja chake cha mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, kilikuwa uwanja wa wazi. Ngumi za Waingereza nazo zilipigwa kwenye majani, na ulingo ulikuwa kamba zilizozungushwa juu ya nyasi. Matatizo yalianza pale michezo ilipoingizwa ndani ya nyumba, penye mbao, halafu penye saruji, na mwisho, kwa sisi wenye maendeleo, penye marumaru. Paa lilikuja kabla ya mkeka, na nafasi iliyobaki kati ya hivyo viwili imeumiza watu wengi sana.

Aliyelijua hilo mapema alikuwa Mjapani, Kano Jigoro. Mwaka 1882 alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, kwenye hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Alikuwa na wanafunzi tisa tu, na chumba cha mikeka 12. Nasema mikeka kwa makusudi, maana Wajapani hupima chumba kwa mikeka kama sisi tunavyopima shamba kwa hatua. Mkeka wao, tatami, ni majani makavu ya mpunga yaliyoshindiliwa mpaka yakawa mazito kama godoro gumu, kisha juu yake ukasukwa mkeka wa majani ya kinamasi. Mikeka 12 ni kama mita za mraba 20, yaani si zaidi ya hizo fremu mbili za Makambako. Na kitu cha kwanza mwanafunzi wa judo anachofundishwa ni kuanguka. Anaangushwa siku nzima, anajifunza kupiga mkono chini, kuficha kidevu, kisogo kisiguse. Hapo ndipo mkeka ulipoacha kuwa wa kukalia ukawa chombo cha kazi, sawa na jembe kwa mkulima.

Zanzibar wanaijua judo tangu miaka ya 1990, kwa kazi ya Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia kisiwani. Mzanzibari aliyezaliwa penye mkeka akafundishwa kuanguka juu ya mkeka wa Kijapani! Huku Bara iliyotangulia ilikuwa karate, ambayo ilishika Dar es Salaam miaka ya 1970, na karate unaweza kuifanyia hata kwenye saruji ya darasa, miguu mitupu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya karate kusambaa mpaka kwenye miji yetu midogo kuliko judo. Karate inahitaji mwalimu. Judo inahitaji mwalimu na sakafu, na sakafu inagharimu pesa.

Sasa twende Mexico, halafu nitawarudisha Makambako, msiwe na wasiwasi.

Tarehe 20 Oktoba 1968, siku ya michezo ya Olimpiki. Ndani ya uwanja kijana wa Kimarekani, Dick Fosbury, anaruka juu kwa staili ambayo watu wengi hawajawahi kuiona: anakimbia, anageuza mgongo, anapita juu ya fito kichwa kikitangulia, anaangukia mgongo na shingo. Alipita mita 2.24 akachukua dhahabu. Watu walimwona kichaa, lakini siri haikuwa mgongoni kwake. Siri ilikuwa chini. Zamani warukaji waliangukia mchanga au vumbi la mbao, kwa hiyo ilibidi ujipange ufike kwa miguu. Shule yake huko Oregon ilikuwa mojawapo za mwanzo kuweka sponji kwenye shimo la kuangukia. Kijana akaona hapa naweza kuangukia popote, akaruka kwa namna ambayo kwenye mchanga ingemvunja shingo. Leo dunia nzima inaruka hivyo. Sponji ndiyo iliyobadilisha mchezo.

Siku hiyohiyo, na mashindano ya kuruka yakiwa bado hayajaisha, wakimbiaji wa marathoni wakaanza kuingia uwanjani. Mamo Wolde wa Ethiopia akawa wa kwanza. Na zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, watu wengi wameondoka, akaingia Mtanzania wetu, John Stephen Akhwari, goti limefungwa bandeji, anachechemea. Njiani kwenye msongamano alikuwa ameanguka, akaumia goti na bega. Alikuwa wa mwisho katika 57 waliomaliza. Habari hiyo mnaijua wote, tumefundishwa kama somo la ushujaa na ni ushujaa kweli. Lakini mimi nikiisoma siku hizi naona kitu kingine pia. Siku moja, uwanja mmoja, watu wawili wameanguka. Mmoja kaangukia sponji, mwingine kaangukia lami. Lami ya barabarani huwezi kuitandika sponji, hilo nalielewa, sitaki mtu aniambie naonea waandaaji. Nasema tu kwamba picha hizo mbili ziko pamoja kwenye tarehe moja, na sisi tumechukua moja tukaiacha nyingine.

Ngumi ndizo zilizojifunza kwa damu. Mwaka 1951, mwezi Agosti, bondia kijana George Flores aliangushwa na Roger Donoghue kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Siku chache baadaye akafariki. Kifo chake kiliwafanya wakubwa wa ngumi wa New York wakubali kitu ambacho madaktari walikuwa wakikisema: kwamba mara nyingi linaloua si konde peke yake, ni konde na kisogo kugonga chini. Wakaanza kudai kitu kinene na chenye kunyonya kishindo chini ya turubai la ulingo. Kanuni za ngumi za ridhaa nazo zimekuja kuandika wazi kwamba chini ya turubai kuwe na feltu, mpira au kitu cha namna hiyo, unene wa kama sentimita 1.5 mpaka 2.

Sentimita mbili, jamani! Unene wa kidole gumba. Kuna faida gani? Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Mtu wa kimo cha kawaida akianguka kama mti, kichwa chake kinafika chini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Kasi hiyo lazima iishe. Ikiisha ndani ya milimita mbili, kama kwenye marumaru, au ikiisha ndani ya milimita 20, nguvu inayoingia kichwani inapishana mara kumi hivi. Hapo hujaleta mashine wala mtaalamu kutoka nje, umeongeza unene wa kidole tu.

Tanzania tumekuwa taifa la ngumi kabla ya kuwa taifa la jimu. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, na Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Ila nenda kwenye vyumba vya mazoezi vya mitaani, popote, uangalie mabondia wachanga wanafanyia wapi. Ulingo wenye feltu wanaukuta siku ya pambano, mazoezi miezi mitatu ni juu ya saruji. Na mtu anaangushwa mazoezini mara nyingi kuliko kwenye pambano.

Haya, sasa turudi njia panda.

Makambako ni mji uliozaliwa na magurudumu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake wa kibaguzi Novemba 1965, Zambia ikabanwa, mafuta ikabidi yapite Tanzania. Malori yakamiminika kwenye barabara ya vumbi na tope kutoka Dar mpaka Zambia kupitia nyanda zetu za juu, barabara ambayo Wazungu waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Wakati huohuo Wachina na Watanzania walikuwa wanajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kazi iliyoanza 1970 na kukamilika 1975, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja. Miaka ya 1980 ikaja lami ya kwenda Njombe na Songea kwa msaada wa Waingereza. Kwa hiyo ukisimama Makambako una njia ya Dar, ya Mbeya na Tunduma, ya Songea, na reli juu yake. Kinachobaki pale malori yanapopita ni nini? Mafuta machafu, vyuma chakavu, na matairi.

Mpira wenyewe una historia ya ajabu kwetu. Enzi za Mjerumani ulitoka huku kwenda Ulaya: utomvu wa mipira ya porini ulikusanywa kusini, na huko Tanga walowezi walipanda mashamba makubwa, mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1913 wakabaki wanalia. Ulikwenda kama utomvu, ukarudi kama gurudumu. Na gurudumu likichoka, Mtanzania halitupi. Anakata makatambuga, anakata kamba za kufungia mizigo, anatengeneza ndoo ya kisimani, na akiwa na jimu anachana tairi la lori analaza chini.

Ndiyo. Mikeka ya kwanza ya jimu niliyoiona maishani mwangu, Makambako na Njombe, ilikuwa tairi. Jimu zenyewe mnazikumbuka: uani kwa mtu, bomba lina makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao za msonobari, gia za lori zimegeuzwa vyuma (nyingine tusiulize zilitoka wapi). Chini ni udongo, ama saruji iliyopasuka, na pale vyuma vinapoangukia pametandikwa tairi lililochanwa na kufunguliwa. Fundi viatu ndiye aliyejua kuchana. Na yeye alikuwa na masharti yake, anataka tairi la nailoni, siyo la waya. Tairi la zamani lilikuwa na nyuzi ndani, unalichana kwa kisu na maji ya sabuni linatoka bapa, laini. Tairi la kisasa, lile ambalo Michelin ya Ufaransa iliasisi mwaka 1946 na baadaye likaenea duniani, lina mkanda wa waya za chuma. Ukilichana waya zinachungulia kama miiba. Nimemwona mtu ametoboka goti kwa kupiga magoti juu yake. Kadiri malori yalivyopata matairi bora, ndivyo jimu zetu zilivyopata mikeka mibaya!

Lakini tazama kitu kimoja. Lile tairi liliwekwa pale ili chuma kisivunje saruji na kisipige kelele za kuamsha majirani. Hakuna aliyelitandika ili mtu aangukie. Kule Tokyo mkeka ulianza na mwili wa mtu, huku kwetu mkeka ulianza na chuma. Udongo wa uani ulikuwa unatufichia kasoro hiyo, kwa sababu ukianguka uani unachafuka tu. Tulipohamia kwenye fremu yenye marumaru tulibeba vyuma, tukabeba na ile fikra ya tairi, ila udongo tukauacha nyuma.

Na kwa nini marumaru? Pesa imekuja, wadau. Mbao zimelipa, parachichi zimelipa, Njombe ni mkoa tangu 2012, nyumba za kupangisha zinajengwa na kila mwenye nyumba anataka marumaru kwa sababu ndiyo alama ya nyumba iliyokwisha. Mwenye jimu hachagui, anaikuta. Halafu hii baridi yetu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, Juni na Julai asubuhi sakafu ni kama barafu, madirisha yanafungwa, watu 15 wanahema humo ndani, na ule mvuke unatua wapi? Unatua kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote, yaani marumaru. Sakafu inalowa hata kama hakuna aliyemwaga maji. Rafiki yangu alilaumu jasho la mtu. Mimi nikifikiri vizuri nashuku ulikuwa umande wa ndani.

Yule kijana wa Makambako nilipompigia simu kumweleza haya, aliniuliza swali la haki: "Sasa kaka ninunue nini? Maana dukani kila kitu wananiambia ni mkeka wa jimu."

Nikamwambia ninachokijua, na ninyi mtanisahihisha. Ile mikeka ya rangirangi inayoshikana meno kama fumbo la watoto, ya sponji nyepesi, sentimita moja mpaka mbili na nusu, inafaa kwa viungo, kunyoosha misuli, watoto wa nyumbani, na sehemu yoyote ambayo mtu analala au anaweza kuanguka. Usiweke chuma juu yake, itabonyea na haitarudi, na mtu akisimama juu yake na mzigo mzito kifundo cha mguu kinayumba. Ule mpira mweusi uliotengenezwa kwa matairi yaliyosagwa, milimita 8 mpaka 10, ni wa kusimamia na kwa vyuma vya kawaida. Pale ambapo vyuma vinaachiwa vidondoke, tafuta unene wa kuanzia milimita 15, na chini yake weka mbao nzito, maana hata wanyanyuaji wa kimataifa wanafanyia kwenye jukwaa la mbao la mita nne kwa nne. Mbao sisi tunakosa kweli? Huo mpira mweusi hautelezi sana, na hiyo peke yake ni nusu ya kinga. Lakini ni mgumu, asidanganyike kwamba kisogo kitapona juu yake. Anayefundisha ngumi au mieleka ahesabu kitu kingine kabisa, magodoro ya judo yana sentimita nne.

Kuna ujanja wa zamani wa maranda, nao nauheshimu. Kwenye viwanda vya mbao vya Njombe maranda ni takataka, kuna waliojaza kwenye salfeti wakashona wakafunika turubai wakapata godoro la kurukia. Linafanya kazi wakati wa kiangazi. Mvua za Novemba zikianza linanyonya maji, linashikana kama tofali, na ndani kunaota ukungu. Kama unalitumia lifungue, lianike, badilisha kila baada ya miezi michache. Na mkeka wowote uwe unainuliwa. Huku kwetu chini ya mpira hapakauki, na mashilingi ya ngozini yanapenda sana mahali penye joto na unyevu ambapo watu wanagusa kwa mikono na mgongo. Sabuni na maji, kufuta kwa kitambaa kikavu, kila jioni. Mpira mpya wa tairi unanuka, uuanike nje siku kadhaa kabla ya kuuingiza kwenye chumba kilichofungwa madirisha.

"Na nikiwa na pesa ya kufunika nusu tu?" akauliza.

Hilo lilinisumbua. Nikamwambia anza na njia wanayopita watu. Pale kwenye mlango, kwenye maji ya kunywa, mbele ya kioo, njia ya kwenda kuchukua taulo. Kona ya vyuma tayari ameifunika, na pale mtu anakuwa makini kwa sababu amebeba mzigo. Mtu huanguka mahali ambapo hana wasiwasi. Akanyamaza kidogo, akasema njia hiyo ni ndefu kuliko alivyodhani. Nikamwambia apime.

Juzi nilipita tena Makambako, basi lilisimama dakika kumi tu. Vile vipande vinne bado viko kwenye kona. Lakini mlangoni amelaza kapeti zito la plastiki lenye vinundu, na kutoka hapo mpaka kwenye ndoo ya maji kuna mstari wa mikeka ya sponji, bluu na nyekundu, ile ya watoto, yenye herufi. Vijana wenye misuli wanakanyaga A, B, C kwenda kunywa maji. Anasema wateja wawili wamemcheka na mmoja amemuuliza anazinunua wapi, ana mama yake mzee nyumbani na bafu lina marumaru.